Mfuko Ulioshonwa kwa Uzi Mweusi

Marahaba, wanangu wa kwaya. Salamu zenu nimezipata pamoja na lile boksi la vipeperushi, na ujumbe wenu nimeuelewa. Mnataka niwaongoze Kariakoo Jumamosi, tukavigawe na kuhubiri kwa kipaza sauti mbele ya maduka, kwa kuwa nimefanya kazi pande zile miaka mingi na, kama mnavyosema, kila mtu ananijua. Mmenipamba bure. Walionijua wengi wameshaondoka, na pale walipokuwa wakikaa pameota maghorofa. Lakini kabla sijasema naja au siji, nataka kuwasimulia habari ya mfuko mmoja. Mnivumilie, maana mimi nikianza kusimulia huwa nazunguka sana kabla ya kufika.

Nilikuwa dobi. Sisemi dobi wa mashine anayebandika karatasi yenye namba na kukupa nguo kwenye nailoni. Nasema dobi wa mikono: karo la saruji, bomba moja, waya za kuanikia juu ya paa, na pasi ya mkaa nzito kama mtoto wa miezi mitatu. Ua wetu ulikuwa Mchafukoge, nyuma ya mstari wa maduka, mwendo wa dakika chache kutoka sokoni. Chumba nilipanga Buguruni, na nilijitahidi kufika uani mapema kabla watu hawajaanza kugombea bomba. Mashati ya watu wa maofisini Posta yaliletwa Jumatatu. Kanzu zililetwa Jumanne na kuchukuliwa Alhamisi alasiri, maana Ijumaa haimsubiri dobi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Matayo, mtu wa Masasi, mwembamba, vidole vyake vimekunjamana kwa sabuni ya miaka mingi. Alikuwa Mkristo kama sisi, ila msingeweza kujua kwa maneno yake, kwa sababu maneno yenyewe alikuwa nayo machache. Alinifundisha kupika wanga wa muhogo usiwe na mabonge. Alinifundisha kupuliza majivu kwenye pasi huku nimeipa nguo kisogo. Alinifundisha kudondosha tone la maji kwenye bati la pasi kabla sijaigusisha na kitambaa: tone likiruka, ngoja kwanza, ni moto sana. Siku moja niliona naijua pasi yangu, nikaacha tone, nikalichoma shati la karani mmoja mgongoni, alama ya pasi nzima nzima. Yule karani alikuwa mpole, hakunidai shati. Alilivaa hivyo hivyo na koti juu yake. Kila nilipopita Posta mchana wa jua kali nilimwona anatiririka jasho ndani ya lile koti, nami nikavuka barabara upesi asinione.

Kulikuwa na mambo mawili Mzee Matayo hakuyafanyia mzaha. La kwanza ni mifuko. Kabla nguo haijagusa maji, unaikagua mifuko yote, na unachokikuta unakifunga kwenye karatasi na kumrudishia mwenyewe bila kusoma, bila kucheka. Tulikuta tasbihi, meno ya bandia, barua ambazo mke wa nyumbani hakuziandika. Zote zilirudi kwa wenyewe. “Mfukoni unatoa,” alikuwa akisema, “huweki.” La pili lilinichukua muda kulielewa. Alipokuwa akinyoosha nguo na kufika shingoni, midomo yake ilicheza. Nilidhani anahesabu. Kumbe anamtaja mwenye nguo mbele za Mungu, kwa jina, kimya kimya, muda ule tu wa pasi kuzunguka shingo. Kila nguo, kila siku, awe nani mwenye nguo. Nami nikajifunza kufanya hivyo.

Na nguo nyingi zilikuwa za Waislamu. Kanzu ya kuswalia ilikuwa na beseni lake na ndoo zake. Tuliisuuza mara tatu kwa maji safi ya kumiminwa, haikuingia kwenye beseni lililofulia ovaroli la fundi gereji. Siku moja nilimuuliza kwa nini tunajisumbua hivyo wakati dini si yetu. Akaniangalia kama aliyesikia swali la kitoto. “Mwenyewe anaswalia,” akasema, na akaendelea kumimina.

Sasa niwaonyeshe mwenye mfuko.

Mzee Nassor alikuwa na duka la vitasa, bawaba na kufuli, upande wa mbele wa mstari ule ule wa maduka. Babu yake alitoka Uarabuni, lakini yeye alizaliwa ghorofani juu ya duka lake, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu. Alikuwa na kanzu sita. Alhamisi alasiri alikuja kuzichukua mwenyewe, hakutuma mtu. Anakaa juu ya kreti la soda, kikombe cha kahawa mkononi, anatazama ninavyoimaliza ile ya mwisho. Ananitania kwamba watu wa bara chai tunaijaza maziwa mpaka inakuwa uji. Namtania kwamba mwenye duka la kufuli ndiye aliyewahi kufungiwa nje ya duka lake, jambo ambalo lilikuwa la kweli na hakupenda likumbushwe. Saa nzima huisha hivyo. Niseme wazi kwamba nilimpenda yule mzee.

Ndiyo maana nilikosea.

Mwaka ule tulipata mhubiri mgeni kanisani, mtu wa sauti kubwa, akatuambia kwamba majirani zetu wakifa bila kuisikia Injili, damu yao tutaulizwa sisi. Nilirudi Buguruni nimejaa hofu. Nikamfikiria Mzee Nassor na kreti lake. Mwishoni mwa ibada walikuwa wametugawia vipeperushi, vyenye picha ya moto na maandishi makubwa: UKIFA LEO UTAKWENDA WAPI? Sikuwa na ujasiri wa kumuuliza swali lile uso kwa uso, na nadhani hilo peke yake lilitosha kunionya. Basi Alhamisi, nilipomaliza kunyoosha kanzu yake nzuri kuliko zote, nikakunja kipeperushi mara mbili nikakitumbukiza mfuko wa kifuani. Nikajiona nimeifanya kazi ya Bwana, tena bila kutoka jasho.

Jumamosi asubuhi akaja uani, siku isiyo yake. Hakukaa kwenye kreti. Akatoa ile karatasi, imekunjwa vizuri, akaiweka juu ya meza yangu ya kupigia pasi.

“Festo, hii ni yako?”

“Ni yangu, mzee.”

“Uliisahau, au uliiweka?”

Uongo ulikuwa umekaa tayari kwenye ulimi, na alikuwa amenifungulia mlango wa kutokea. Lakini alikuwa akinitazama machoni. “Niliiweka,” nikasema.

Akashusha pumzi. “Imeanguka msikitini jana, kwenye swala ya Ijumaa. Nimeinama kwenye rukuu, ikadondoka mbele ya miguu ya jirani yangu. Watu wameniuliza kama nimeiacha dini yangu. Hilo litapita, watu wana mengi ya kusema. Shida yangu ni nyingine. Jana alasiri nimesimama kuswali tena, mkono umekwenda wenyewe mfukoni. Magharibi hivyo hivyo. Sasa nikiwa mbele ya Mola wangu namuwaza dobi.”

Niliichukua ile karatasi mezani.

“Mimi na wewe hatujagombana,” akasema. “Lakini nguo zangu nipe.”

Akazichukua zote za nyumbani kwake zilizobaki kwetu, hata mbili zilizokuwa bado mbichi, akaenda nazo zinadondosha maji mpaka dukani kwake.

Mzee Matayo alikuwa upande wa pili wa karo na alisikia yote. Nilingoja anigombeze. Aliendelea kukamua shuka mpaka likaisha maji, kisha akaniuliza swali moja: “Siku ile ulimtaja ulipofika shingoni?”

Nikafikiri. Siku ile nilikuwa na haraka ya kufika mfukoni. “Hapana,” nikasema.

“Eeh,” akasema, akaenda kulianika lile shuka.

Nawaambia ukweli, zile Alhamisi zilizofuata zilikuwa ndefu. Kreti lilikuwepo, mtu hayupo. Nikipita mbele ya duka lake namwamkia, “Shikamoo, mzee,” ananijibu, “Marahaba, Festo,” kwa adabu zote, na adabu zenyewe ndizo zilizoniuma, kwa sababu zamani angenitupia na utani juu yake. Mara kadhaa nilitaka kuingia nikamwombe radhi kwa maneno marefu. Mzee Matayo akanizuia. Alisema nimeshamsumbua mara moja kwenye kanzu, nisimsumbue na dukani. Nikaendelea kumtaja, ingawa nguo yake sikuwa nayo. Nilikuwa namtaja kwenye shingo za nguo za watu wengine.

Ilikaribia mwaka. Siku chache kabla ya Ramadhani nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu, nageuka, Mzee Nassor amebeba furushi. Dobi aliyemhamia alikuwa akisuuza kanzu pamoja na matambara ya hotelini, na zilirudi zinanuka vitunguu. Akaziweka mezani. Nikaanza kukagua mifuko kama nilivyofundishwa, na vidole vyangu vikakwama. Mfuko wa kifuani wa kila kanzu ulikuwa umeshonwa mdomo wote. Umeshonwa kwa uzi mweusi, kwenye kitambaa cheupe pe.

“Nimetia kufuli,” akasema. “Sasa tuko salama, mimi na wewe.”

Akakaa kwenye kreti. Nusu nicheke, nusu nilie, na nadhani nilifanya yote mawili.

Miaka iliyofuata, sijui ni mingapi, nilipiga pasi juu ya ule uzi. Ulifanya kituta kidogo, pasi ikifika pale inasita. Kanzu zilichakaa akanunua mpya, na mpya nazo zilikuja zimeshonwa. Hakuna aliyeutaja. Tulitaniana kama zamani, tuliulizana habari za watoto, Idi nilikula biriani yao na Krismasi yeye alikula pilau yetu, lakini uzi ulikuwepo. Nilikuwa naugusa kwa kidole kila Alhamisi na kujiuliza kama nitakufa kabla haujafumuliwa. Ninyi mtasema ni uzi tu. Kwangu mimi ilikuwa ni kujua kama yule mtu ananiamini tena, na sikuwa na ruhusa ya kuuliza.

Kisha mkewe akaugua muda mrefu, akafariki. Nilikwenda msibani nikakaa mkekani na wanaume wengine. Alhamisi ya kwanza baada ya arobaini alikuja uani, akakaa, kahawa ikapoa mkononi mwake. Mzee Matayo hakuwepo tena duniani, nilikuwa peke yangu. Nilifika shingoni.

“Festo,” akasema. “Unasema na nani hapo? Siku zote nakuona.”

Wanangu, mnajua nilivyoisubiri siku hiyo? Mahubiri yote niliyowahi kuyasikia yalinijaa kooni. Mtu ana huzuni, mtu ameuliza mwenyewe. Nikaishika pasi kwa nguvu.

“Namtajia Mungu mwenye nguo,” nikasema. “Namwomba akutunze.”

“Mimi?”

“Kila mtu, anapofika zamu yake. Wewe Jumanne huwa umefuliwa, Alhamisi unatajwa.”

“Na unamwambia anigeuze niwe kama wewe?”

“Namwambia akutunze, mzee. Mengine anayajua yeye.”

Nikamaliza mikono ya kanzu. “Mke wangu naye alikuwa na zamu?” akauliza.

“Alikuwa nayo. Mashuka yenu yalikuja kila Jumatano.”

Akafuta macho kwa kiganja, akanywa ile kahawa baridi yote kwa mara moja, akaondoka. Uzi ulibaki palepale.

Ua wetu uliuzwa. Karo lilivunjwa kwa nyundo mchana mmoja, nikaangalia mpaka mwisho kama mtu anayeangalia jeneza linashushwa. Nilihamishia kazi kibarazani kwa mtu, pasi ikawa ya umeme, wateja wakapungua kwa sababu mashine zilishaingia majumbani. Mzee Nassor hakupungua. Alikuja na kreti lake, nasema kweli, alilibeba kutoka kwenye kifusi. Magoti yakaanza kumsumbua, macho yakafifia, na mwanawe aliyeko Maskati, kule Uarabuni, akawa anampigia simu kila wiki: baba njoo, baba njoo. Mwishowe akakubali.

Jumanne ya mwisho alileta kanzu moja, ya safari. Nikaingiza mkono kukagua, na mkono ukaingia. Nikaisogeza kwenye mwanga. Mdomo wa mfuko wa kifuani ulikuwa wazi, umezungukwa na vitobo vidogo vidogo vya sindano.

“Mzee, uzi umekatika.”

“Haukukatika. Nimeufumua kwa wembe. Macho haya yamenilia asubuhi nzima, na sikutaka kusaidiwa.”

“Ni kwa ajili ya pasipoti?”

“Pasipoti anayo binti yangu.” Alikuwa akiangalia barabarani, hakuniangalia mimi. “Yale maneno unayoyasema ukifika shingoni, niandikie, uniwekee humo. Huko niendako nitafuliwa na watu wasiojua jina langu.”

Niliharibu karatasi tatu. Ya kwanza niliijaza mistari ya Biblia pande zote mbili, nikaona ni kile kipeperushi kimerudi kwa mwandiko wangu, nikaichana. Ya pili nikalitoa jina la Yesu ili nisimsumbue, nikaisoma, nikaona nimemdanganya, kwa sababu aliomba ninayoyasema na mimi sisemi hivyo. Ya tatu iliingia maji. Ya nne niliandika haya: Mungu, mtunze Nassor. Mpe usingizi, mpe nguvu za magoti, wahurumie wanawe. Nakuomba kwa jina la Yesu, maana yeye ndiye aliyenihurumia mimi. Festo, dobi wako wa Mchafukoge.

Alhamisi niliitia mfukoni mbele ya macho yake. Hakuifungua. Akaushika mfuko kwa kiganja, akasema, “Inshallah,” akanipa mkono. Mkono wenyewe ulikuwa mwepesi.

Namkumbuka jamani. Alhamisi ikifika alasiri nasikia kama kuna jambo sijalimaliza. Nimelichukua lile kreti, lipo hapa barazani Buguruni, na watu wakitaka kulikalia natafuta kiti kingine niwape. Nawakumbuka na wengine, Mzee Matayo, hata yule karani wa koti, lakini huyu ndiye anayenibana kifua. Tulikaa miaka mingi kila mmoja akimuomba Mungu kwa njia yake, hatua tano kati yetu, na sasa hakuna wa kunitania chai yangu.

Kuhusu Jumamosi nitakuja. Sitabeba boksi. Nitakuja kuwaonyesha duka moja moja, na nitawataka mwingie mnunue kitu mnachokihitaji, mmwamkie mwenye duka, mjue jina lake, kisha mtoke. Mkirudi wiki ya pili bado mnalikumbuka jina na mmeshalitaja kwa Mungu, hapo tutazungumza habari ya kusema. Mtu akiwauliza imani yenu, msimfiche hata kidogo. Asipouliza, ana haki ya kufunga mfuko wake. Kipaza sauti kiacheni kanisani, pale watu wamekuja wenyewe.

Alhamisi iliyopita simu yangu ililia, namba ndefu. Ni yeye. Sauti ilikuwa nyembamba, inakuja na kupotea. Akaniambia joto la huko halina upepo, na chai yao wanaitia maziwa, ameponzwa, amekuwa mtu wa bara uzeeni. Nilicheka mpaka machozi. Nikamuuliza habari za kanzu zake, anafuliwa vizuri?

“Zote wanazifua kwa mashine,” akasema. “Ile ya safari siwapi. Naifua mwenyewe kwa mkono.”

“Kwa nini, mzee, na magoti hayo?”

“Hawa hawakagui mifuko.”

Nilitaka kumuuliza kama ameisoma, na anaonaje. Swali lilikuwa palepale ulimini, nikaliacha likae.

“Maji yawe mengi, mzee,” nikasema.

“Najua,” akajibu. “Mara tatu.”